Uraia wa Bugene Unaanzia kwa Bibi

Novemba 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika Bweranyange, kwenye ikulu ya Mukama Rumanyika wa Karagwe, akiwa na mwenzake James Grant. Alitaka kwenda Buganda. Hakuweza kuondoka mpaka wajumbe wa Kabaka Mutesa walete habari kwamba anakaribishwa, akasubiri hadi Januari 1862. Grant, aliyekuwa na kidonda kibaya mguuni, aliachwa Karagwe hadi Aprili. Hakuna aliyemuuliza Speke cheti cha kuzaliwa. Mgeni alipita kwa sababu Rumanyika alimpokea na kumtangulizia habari zake mbele. Sheria ya mpaka ilikuwa hiyo: kuna mtu anayekujua, na mtu huyo anaaminika.

Miaka zaidi ya 160 baadaye, kijana wa Bugene, kata iliyo jirani na Kayanga, makao makuu ya Wilaya ya Karagwe, akitaka kusafiri anaingia katika utaratibu mwingine. Anayeomba pasipoti hutakiwa kuonyesha cheti chake cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa au namba yake, na cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo badala yake. Hapo kwenye mzazi ndipo safari nyingi za Karagwe na Kyerwa zinapokwama. Mama alizaliwa nyumbani mwaka 1962, akapokelewa na mkunga wa jadi kwenye mgomba, na aliyemshuhudia alishafariki. Afisa akitaka kujua zaidi atauliza bibi naye alizaliwa wapi. Bibi alizaliwa kabla ya vita vya pili vya dunia, msimu wa senene, mwaka ambao familia inaukumbuka kwa mambo yake na serikali haikuuandika kabisa.

Serikali haikuuandika kwa sababu haikuona haja. Sheria ya kusajili vizazi na vifo Tanganyika ilitungwa na Waingereza mwaka 1920 na kuanza kutumika mwaka uliofuata. Kwa Wazungu na Waasia usajili ulikuwa wa lazima. Kwa Waafrika haukuwa. Ulazima ulikuja kuwafikia baada ya uhuru, wilaya kwa wilaya, polepole. Kwa hiyo mzee wa Kihindi aliyezaliwa Bukoba mjini mwaka 1935 anaweza kuwa na cheti, na Munyambo wa Karagwe aliyezaliwa mwaka uleule Bugene, kwenye ardhi ya babu zake, hana. Huyo wa pili ndiye tunayemwambia leo athibitishe kuwa ni mwenyeji.

Serikali ya kikoloni ilimwandika Mwafrika pale tu ilipotaka kitu chake. Ilimwandika kwenye daftari la kodi ya kibanda na kichwa, na ilimwandika alipoajiriwa. Ndiyo maana katika masanduku ya wazee karatasi ya zamani kuliko zote mara nyingi ni risiti ya kodi, ikifuatiwa na kadi ya TANU. Kanisa nalo liliandika. Wamisionari wa Kikatoliki walifungua Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892, na kutoka huko vitabu vya ubatizo vikasambaa hadi Karagwe. Padri aliandika jina la mtoto, la baba, la mama, la msimamizi na tarehe. Walutheri walikuwa na vitabu vyao. Dayosisi yao ya Karagwe ilianzishwa mwaka 1979. Kwa Muislamu kuna cheti cha falaki. Hadi leo anayesajili kizazi kwa kuchelewa huweza kutumia cheti cha ubatizo au cha falaki, kadi ya kliniki, au cheti cha kumaliza darasa la saba. Kwa wilaya nzima, kitabu cha parokia kimefanya kazi ya msajili wa serikali kwa miongo mingi, bila mshahara.

Kitabu hicho kina kasoro zake. Kinaandika siku ya ubatizo kwa uhakika na siku ya kuzaliwa kwa makisio, hasa kwa aliyebatizwa akiwa mtu mzima. Jina la ubatizo linaweza kutofautiana na lile la shuleni, na jina la baba likaandikwa kwa herufi L mahali palipostahili R. Mipaka ya utawala nayo imehama juu ya vichwa vya watu. Karagwe ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Bukoba enzi za ukoloni. Mkoa uliitwa Ziwa Magharibi hadi mwaka 1979, ulipopewa jina la Kagera. Mwaka 2012 Kyerwa ikatengwa na Karagwe kuwa wilaya. Parokia za Karagwe zilikuwa chini ya Jimbo la Rulenge hadi mwaka 2008 lilipoanzishwa Jimbo la Kayanga. Mtu mmoja asiyewahi kuhama kijiji anaweza kuwa na karatasi tatu zinazotaja mahali tofauti, na zote zikawa za kweli. Anayezisoma dirishani bila kuijua historia hii huona udanganyifu.

Kisha kuna mpaka wenyewe. Makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890 yalipitisha mstari kwenye latitudo ya digrii moja kusini, na baadaye mto Kagera ukafanywa mpaka na Rwanda. Baada ya vita vya kwanza vya dunia Waingereza walipewa pia Gisaka, upande wa pili wa mto, kwa kuwa walifikiria njia ya reli. Mwisho wa mwaka 1923 wakairudisha kwa Wabelgiji. Mkulima wa Gisaka alibadilishiwa bendera mara mbili katika muda mfupi kuliko ule ambao mbuni huhitaji kukomaa. Huku Karagwe, Kinyambo kinaelewana na Kinyankole cha Uganda, na jina kama Mugisha utalikuta Kayanga, Mbarara na Kigali. Anayehukumu uraia kwa jina au lafudhi, katika wilaya hizi, anabahatisha tu.

Na watu kweli walihama. Mashamba ya kahawa ya Wahaya na migodi ya bati ya Kyerwa vilivuta vibarua kutoka Rwanda na Burundi, huku Wanyambo nao wakienda Buganda kutafuta fedha. Hilo halikuwa kosa la mtu. Dola za kikoloni zilihitaji mikono. Lakini uhuru ulipofika tarehe 9 Desemba 1961, sheria mpya ya uraia iliuliza swali lililowapita vibarua wale. Aliyezaliwa Tanganyika na kuwa chini ya ulinzi wa Waingereza alikuwa raia moja kwa moja, ila tu kama angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Tanganyika. Mtoto wa vibarua wawili wa Rwanda, aliyezaliwa Karagwe na asiyejua nchi nyingine, alilala mtu wa Tanganyika na kuamka akiwa si raia. Wengi hawakuambiwa. Walilipa kodi, wakapiga kura, wakaingia jeshini, wakazaa.

Sheria ya sasa ya uraia ni ya mwaka 1995. Kwa maandishi yake, aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano tangu siku ya Muungano, 26 Aprili 1964, ni raia, isipokuwa watoto wa wanadiplomasia wa kigeni na wa adui aliyekalia ardhi yetu. Ofisini, hata hivyo, swali linalosumbua ni lile lile la 1961: wazazi wako ni nani, na walizaliwa wapi? Pengo kati ya kifungu na dirisha ndilo linalomgharimu mtu wa mpakani.

Hofu ya serikali ina sababu, na si haki kuificha. Wakimbizi wa Rwanda waliingia Karagwe na Ngara kuanzia mwaka 1959. Mwaka 1980 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwapa uraia Wanyarwanda wapatao 36,000, hatua ambayo nchi chache duniani zimewahi kuichukua. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia kaskazini mwa mkoa na daraja la Kyaka, lango la barabara ya Karagwe, likavunjwa. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka mpaka wa Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa saa 24, na Karagwe ikabeba kambi zake yenyewe mpaka Desemba 1996. Katika wilaya iliyopitia hayo, afisa anayeuliza maswali anafanya kazi yake. Tatizo ni kumwuliza mtu jambo ambalo serikali yenyewe ndiyo iliyopaswa kuwa na jibu lake.

Mwanzoni mwa mwaka 2001 nchi nzima iliona jinsi swali hilo linavyoweza kumfika yeyote. Serikali ilitangaza kwamba watu wanne mashuhuri si raia. Miongoni mwao walikuwa mwandishi Jenerali Ulimwengu, aliyewahi kuwa mbunge na mkuu wa wilaya. Timothy Bandora, aliyekuwa balozi wetu Nigeria. Na Anatoli Amani, aliyekuwa kiongozi wa CCM mkoani Kagera. Ikiwa mtu aliyeiwakilisha nchi ughaibuni hawezi kuwa na hakika na uraia wake, mkulima wa kahawa wa Bugene atakuwa nayo vipi? Julai 2013 Rais Kikwete, akiwa ziarani Kagera, aliwapa wahamiaji haramu wiki mbili kuondoka, na Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika Kagera, Geita na Kigoma. Maelfu walivuka kwenda Rwanda, Burundi na Uganda. Baadhi walikuwa wamezaliwa hapa, wameoa hapa, na ndoa zikagawanyika mto ukiwa katikati.

Baada ya hapo karatasi ikawa namba. Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA) ilianzishwa mwaka 2008, na katika mikoa ya mpakani maombi yakachujwa kwa ukali zaidi kuliko kwingine. Namba ya kitambulisho ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Msimu wa senene hauingii humo. Bibi asiyejua siku yake lazima apewe siku, na siku hiyo ya kupewa itamfuata hadi kaburini, na ole wake ikipingana na iliyo kwenye kadi ya kliniki. Tarehe 31 Januari 2018 pasipoti ya kielektroniki ilizinduliwa, kwa ada ya shilingi 150,000. Kuanzia Januari 2020 laini za simu zikafungwa kwa asiye na namba ya NIDA, na hapo hata asiyekuwa na safari yoyote akagundua kwamba jambo la uraia linamhusu.

Kwa safari za karibu, wakazi wa Kenya, Uganda na Rwanda huvuka mipaka yao wenyewe kwa wenyewe kwa vitambulisho tangu Januari 2014. Tanzania haikujiunga. Mtu wa Murongo anayetazama Kikagati ng'ambo ya mto hutegemea pasipoti, hati ya dharura au kibali cha mpakani. Na wapo wanaopita njia za panya, ambako hakuna anayeuliza chochote, mpaka siku wanapokamatwa na kuambiwa kwamba kuvuka kwao kwa siri ni ushahidi wa ugeni.

Jambo la kutia moyo limetoka Arusha. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kesi ya Anudo Ochieng Anudo, mtu wa Mara aliyenyang'anywa pasipoti, akafukuzwa kwenda Kenya, naye akafukuzwa huko pia, na kujikuta akiishi kati ya vituo viwili vya mpaka pale Sirari. Mahakama ilisema kwamba kwa kuwa serikali ilishamtambua kama raia, ni serikali iliyopaswa kuthibitisha kuwa si raia. Tarehe 28 Novemba 2019, katika kesi ya Robert John Penessis aliyekuwa amefungwa gereza la Butimba, Mwanza, ilienda mbali zaidi. Viapo vya watu wanaomjua, ilisema, vilitosha kuhamishia mzigo wa ushahidi kwa serikali. Wiki moja kabla ya hukumu hiyo Tanzania ilikuwa imetoa taarifa ya kuondoa tamko linaloruhusu watu binafsi kuipeleka mbele ya mahakama hiyo. Tafsiri ya mfuatano huo naiacha kwa msomaji.

Mahakama, kwa kutumia kiapo, ilirudi kwenye utaratibu wa Rumanyika: mtu anayekujua na anayeaminika. Ofisi zetu nazo hukiomba kiapo kila siku, kisha hukishuku. Kwa maoni yangu, pale ambapo serikali haikusajili, shahidi wa kijiji, mtendaji wa kata na kitabu cha parokia vinapaswa kutosha, na anayepinga ndiye alete ushahidi wake. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba ni kama watu 13 tu katika kila 100 wa Tanzania Bara walikuwa na cheti cha kuzaliwa. Hatuwezi kuwashuku asilimia 87 ya wananchi.

Kwa watoto wa leo hali imebadilika. Tangu mwaka 2013 Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) umekuwa ukieneza mkoa kwa mkoa usajili wa walio chini ya miaka mitano kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, na cheti hutolewa bure. Mzazi wa Bugene asiyekichukua anamwandalia mtoto wake adha aliyoipata yeye. Na wewe msomaji ambaye bibi yako bado yuko hai: usingoje safari. Mpeleke mwaka huu kwa hakimu au wakili akaape alipozaliwa na watoto aliowazaa. Naye mtoto wako mwandikishe kabla hajavuka umri wa miaka kumi, kwani baada ya hapo kuandikishwa kwake kutahitaji kibali cha Msajili Mkuu. Uliza kitabu cha ubatizo parokiani wakati bado kinasomeka. Nakala ya kiapo iwe kwako, na nyingine kwa ndugu anayeishi mbali.