Karanga za Kongwa

Baba yangu akimwona mtu anaanza jambo kubwa bila kulipima, alikuwa anasema, "Hizo ni karanga za Kongwa." Nilikua na msemo huo bila kujua Kongwa iko wapi.

Mimi ni mwanamke wa biashara ya nafaka hapa Tunduma. Karanga nazinunua kwa akina mama wa Mbozi na Momba, kwa sado na kwa debe, na kabla sijatoa hela nabangua mbili tatu nione kama punje imejaa. Mwaka juzi nilikwenda soko la Kibaigwa, mkoani Dodoma, kufuata alizeti. Mzigo ukachelewa siku mbili, nikaona bora nikaijue Kongwa ya baba.

Mambo yalianzia mbali. Mwaka 1946 Waingereza walikuwa wametoka vitani, mafuta ya kupikia yanagawiwa kwa mgao. Frank Samuel, mkubwa wa United Africa Company, akaipelekea serikali yao wazo la kulima karanga Tanganyika kwa mashine. Ukaja ujumbe wa John Wakefield, ukazunguka wiki chache, ukarudi na mpango wa zaidi ya ekari milioni tatu. Waziri wa chakula, John Strachey, akaubeba. Kongwa ikachaguliwa kuwa ya kwanza, kisha Urambo na Nachingwea.

Mwaka 1947 yakaletwa matrekta chakavu yaliyobaki vitani. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa mashine za kung'olea visiki. Mji ukaota porini: hospitali, maduka, shule ya watoto wa Kizungu, na tawi la reli kutoka Msagali.

Pale Kongwa nilikaa na mzee mmoja wa Kigogo chini ya mbuyu. Nikamwamkia, "Mbukwa, babu," akacheka kusikia Kigogo cha mtu wa Tunduma. Baba yake alifanya kibarua cha kufyeka. Nikamuuliza walishindwa na nini. Hakunijibu, aliokota bonge la udongo, akaniwekea mkononi. "Livunje, mwanangu." Nilibana mpaka kiganja kikauma.

Hapo nikaelewa, maana karanga nazijua. Punje inakomaa chini ya ardhi. Hata kwetu Mbozi, mama akichelewa kung'oa udongo ukakauka, shina linatoka tupu na mali inabaki chini. Udongo wa Kongwa ni mfinyanzi wenye chembe kali: mvua ikikatika unakuwa tofali, na chembe zile zinakula majembe ya plau. Na mvua ya Ugogo hukatika. Wagogo walikuwa bado wanaikumbuka Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920. Wenye mpango walihesabu ekari kabla ya kuhesabu miaka ya ukame.

Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango. Hasara ilifika karibu pauni milioni 36. Wazungu wakafunga mizigo, treni ikaacha kuja, nyumba zikabaki na popo. Kusini nako, reli iliyojengwa kutoka bandari ya Mtwara kwa ajili ya karanga za Nachingwea iling'olewa mapema miaka ya 1960.

Mahame hayo yalipata wageni wengine. Miaka hiyo hiyo ya 1960 Tanzania iliwapa wapigania uhuru kambi pale Kongwa, kwenye stesheni iliyotelekezwa. Samora Machel wa Msumbiji alipita hapo, Chris Hani wa Afrika Kusini alipita hapo. Wengine hawakurudi kwao. Makaburi yao yapo. Leo Kongwa ni makao makuu ya wilaya, ina soko na stendi kama miji mingine.

Siku hizi mkoani kwetu Songwe nasi tunapokea watu wenye magari mazuri na ramani za mashamba makubwa. Siwakatai. Ila kabla kijiji hakijatia saini, mgeni apelekwe kwa bibi anayelima hapo, achimbe naye shimo kiangazi, amsikilize akitaja miaka ya njaa.

Jioni ile, stendi ya Kongwa, nilinunua karanga za kukaanga. Nikabangua mbili: zimejaa. Nikamuuliza muuzaji zimetoka wapi. Akanionyesha kwa kidole upande wa kijijini kwao. Mama yake ndiye aliyezilima, kwa jembe la mkono.