Bahari ndani ya chumba, Waberi

Msee aliniuliza: "Wewe wa Garissa, matumbawe utayalea aje na bahari iko mbali hivyo?" Swali la haki. Lakini hii kitu ilianza kuwa kubwa jijini, si ufukweni.

1846, mama Mwingereza aitwaye Anna Thynne alitoa matumbawe hai Torquay akayapeleka London ndani ya mtungi. Stima hakuna, pampu hakuna. Na maji yakikosa hewa, wanyama wanakufa. Basi maji yalimwagwa chombo hadi chombo mbele ya dirisha wazi, nusu saa na zaidi. Aliyemwaga? Mfanyakazi wa nyumbani. Lakini sifa tunampa mama mwenye nyumba. Mwaka uliofuata wakaongeza mwani, hewa ikapatikana humo humo.

1961 Lee Chin Eng wa Indonesia akaonyesha mawe hai ya baharini na hewa kidogo vinaweza kuweka maji safi. Mimi nimefuata njia yake: tangi la lita 60, vioo vya fundi wa madirisha, silikoni, chumvi gramu 35 kwa lita.

Shida ni joto letu. Maji yanakauka, chumvi inabaki, kwa hivyo unaongeza maji matamu, usiwahi kuongeza ya chumvi. Ikipita digrii 30 matumbawe yanaanza kupauka.

Halafu stima. Jana ilipotea saa mbili usiku, pampu ikanyamaza. Nikachukua jagi, nikafungua dirisha, nikamwaga hadi saa nne. Nilimfikiria huyo dada wa London sana.