Unataka kusomea saikolojia ya jamii na ushauri nasaha? Jua haya kwanza

Wewe ndiye yule rafiki ambaye kila mtu humletea shida zake? Saa sita usiku simu inaita, mtu analia, unamsikiliza. Kesho yake unaambiwa, "Kasomee ushauri nasaha, una kipaji." Sawa, lakini kabla hujajaza fomu ya chuo, soma hapa.

Unasoma nini hasa?

Saikolojia ya jamii inachunguza jinsi watu wengine wanavyobadilisha mawazo, hisia na matendo ya mtu. Stadi za ushauri nasaha zinakufundisha kukaa na mtu huyo na kumsaidia.

Mfano utakaokutana nao mapema ni wa mwanasaikolojia Solomon Asch, aliyefanya kazi Marekani. Katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1951, wanafunzi waliulizwa ni mstari upi kati ya mitatu una urefu sawa na mstari wa mfano. Jibu lilionekana wazi. Ila katika kila kundi, wote isipokuwa mmoja walikuwa wamepangwa watoe jibu la uongo. Takriban robo tatu ya waliopimwa walifuata kundi angalau mara moja. Lakini akiwepo mwenzao mmoja tu aliyesema ukweli, walioiga kundi walipungua sana.

Hapo ndipo masomo haya mawili yanapokutana. Kijana anayesema "niko poa" huku anaumia huenda anatoa jibu ambalo kundi lake linalitaka. Mshauri anajaribu kuwa yule mtu mmoja anayemfanya aweze kusema ukweli.

Si kazi ya kutoa ushauri

Jina lenyewe linachanganya. Ushauri ni kumwambia mtu la kufanya, na nasaha ni hivyo hivyo. Darasani unafundishwa karibu kinyume chake.

Mwaka 1957, Carl Rogers aliandika kuhusu mambo yanayomsaidia mtu abadilike. Matatu yanayotajwa sana ni haya: mshauri awe mkweli, amkubali mtu bila masharti, na aelewe hali yake kana kwamba yuko ndani yake.

Kwa vitendo, rafiki akisema, "Nimefeli, nyumbani nitasema nini?" usikimbilie "Usijali, utarudia mtihani." Jaribu, "Unaogopa watakavyoipokea habari hii." Kisha nyamaza. Wanafunzi wengi huona kunyamaza ndiyo stadi ngumu kuliko zote.

Siri ina mipaka

Anachokuambia mtu hakitoki nje. Lakini akionyesha yuko hatarini kujidhuru au kumdhuru mwingine, mshauri hutafuta msaada zaidi. Mipaka hiyo huelezwa mwanzoni, si katikati ya machozi.

Kabla hujalipa ada, uliza:

• Je, kozi inatambuliwa? Tanzania, hakikisha kwa TCU. Kenya, hakikisha kwa CUE.

• Je, kuna mafunzo kwa vitendo chini ya msimamizi mwenye uzoefu? Stadi hizi hazikai kichwani kwa kusoma noti peke yake.

• Je, digrii hiyo inakuwezesha kusajiliwa? Kenya ina sheria ya mwaka 2014 inayohusu washauri nasaha na wanasaikolojia, na iliunda bodi ya kuwasajili. Ukimaliza kozi isiyokidhi vigezo, umepoteza miaka na pesa.

• Je, wewe mwenyewe utapata wa kukusikiliza? Kubeba maumivu ya watu kunachosha. Ndiyo maana hata washauri wenye uzoefu huwa na wasimamizi wa kuzungumza nao.

Hata usiposoma kozi hii, jambo moja unaweza kulianza leo. Simu ikiita saa sita usiku, usianze na jibu. Anza na swali: "Unataka nikusikilize tu, au tutafute suluhisho pamoja?" Na ukiona maisha yake yako hatarini, usibaki nalo peke yako. Tafuta mtu mzima unayemwamini au mfikishe hospitali usiku huo huo.