Thamani ya Picha za Manowari na Masalio ya Vita

Mtu akionyeshwa picha kuukuu ya manowari, aghalabu huuliza bei yake. Lakini bei ni jambo moja, na thamani ni jambo jingine. Mwanafunzi wa historia hana budi kuuliza maswali mawili: je, kitu hiki ni halisi? Na je, kinasema kweli? Maswali haya hufanana, lakini majibu yake huweza kupingana.

Tutwae mfano wa Temeraire, merikebu ya Kiingereza yenye matanga na mizinga 98. Katika vita vya Trafalgar, tarehe 21 Oktoba 1805, iliifuata Victory, merikebu ya jemadari Nelson, ikaja kuisaidia ilipobanwa na merikebu ya Kifaransa. Mwaka 1838, ikiwa imekwisha zeeka, iliuzwa kwa mvunja merikebu, ikakokotwa kutoka Sheerness mpaka Rotherhithe katika mto Thames. Mwaka uliofuata mchoraji J. M. W. Turner alionyesha picha yake mashuhuri: merikebu nyeupe yenye milingoti mirefu, inavutwa na stima moja ndogo jua likichwa. Mwaka 1845 J. T. Willmore aliichonga picha hiyo katika bamba la madini, nakala zikapigwa chapa.

Mthamini akiletewa nakala ya namna hiyo, kwanza hutazama karatasi. Bamba lililokandamizwa kwa nguvu huacha ukingo uliobonyea kuizunguka picha. Kisha hushika kioo cha kukuza: akiona mistari iliyochongwa, hutumaini, akiona vidoto vidogo vilivyopangwa sawasawa, hujua kuwa ni nakala iliyotolewa baadaye kwa picha ya kamera. Tena hutazama kama karatasi imekatwa pembeni, imeliwa na wadudu au imebabuliwa na jua. Kasoro hizo hupunguza bei.

Haya, na tuseme nakala ni halisi. Je, yasema kweli? La, si yote. Safari ile Temeraire ilikuwa imekwisha kung'olewa milingoti, tena ilivutwa na stima mbili, si moja. Hata Willmore hakumfuata Turner katika kila jambo, maana alibadilisha mahali pa dohani na mlingoti wa stima. Basi picha hiyo ni shahidi dhaifu wa safari yenyewe, lakini ni shahidi mwema wa huzuni ya watu walioona enzi ya matanga inatoweka mbele ya moshi.

Masalio nayo yana mtihani wake. Mbao za Temeraire zilitengenezwa meza na viti vya kanisa la St Mary's, Rotherhithe. Ubao peke yake hausemi ulitoka wapi. Kinachoupa thamani ni habari zilizoandikwa na kuhifadhiwa tangu mwanzo. Habari hizo zikipotea, kinachosalia ni kuni tu.

Nasi tunayo masalio yetu. Katika Fort Jesus, Mombasa, upo mzinga wa manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoangamia katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915. Wajerumani waliiopoa mizinga yake, wakaitia magurudumu ili ipigane nchi kavu. Chuma hicho ni halisi, hapana shaka. Lakini hakisemi lolote juu ya Waafrika walioikokota mizinga hiyo porini, wala juu ya makumi ya maelfu ya wapagazi wa pande zote mbili waliokufa kwa njaa na maradhi. Majina ya mitaa ya Kariakor, Nairobi, na Kariakoo, Dar es Salaam, huwakumbusha watu habari zao kuliko mzinga wenyewe.

Basi, mwanafunzi, ukisimama mbele ya kitu cha kale, pima uhalisi wake, kisha upime ushahidi wake. Na mwisho uulize ni nani aliyekuwapo ambaye kitu hicho hakimtaji.