UBONGO WA MTOTO, SEHEMU YA 4: Kimoja sasa, au viwili baadaye?

Leo twende na historia kidogo.

Ni mwishoni mwa miaka ya 1960, Marekani, kwenye chekechea ya Bing, Chuo Kikuu cha Stanford. Mwanasaikolojia Walter Mischel na wenzake wanamkalisha mtoto wa miaka minne hivi mezani na kumwekea kitu kitamu. Wanamwambia: unaweza kupata hiki kimoja sasa, lakini ukisubiri mpaka turudi, unapata viwili. Halafu mtu mzima anatoka.

Wengine waliziba macho wasikione. Wengine wakaimba. Wengine, jamani, walikula papo hapo!

Miaka ikapita, watoto wakafuatiliwa. Waliosubiri zaidi walielekea kufanya vizuri zaidi shuleni. Habari zikasambaa, na watu wengi wakaelewa hivi: mtoto asiyejizuia ndivyo alivyoumbwa, basi tena.

Hapo ndipo tulipopotea.

Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, wakiongozwa na Celeste Kidd, walianza kwa kuwapa watoto 28 ahadi. "Subiri, nakuletea rangi nzuri zaidi za kuchorea." Nusu ya watoto waliletewa kweli. Nusu nyingine waliambiwa, samahani, hazipo. Ndipo wakapewa jaribio lile la Mischel.

Waliotimiziwa ahadi walisubiri wastani wa dakika 12. Waliodanganywa? Dakika 3 tu.

Soma tena hapo, mama. Tofauti ilikuwa ile ahadi.

Mwaka 2018 utafiti mwingine wa watoto zaidi ya 900 ukaonyesha kwamba ukizingatia hali ya nyumbani na ya familia, ule uhusiano kati ya kusubiri na kufaulu unapungua sana. Kumbe mtoto anayenyakua haraka siyo lazima awe mlafi au mkaidi. Huenda amejifunza kwamba kinachoahidiwa hakiji.

Kujizuia ni kazi ya sehemu ya mbele ya ubongo, hapa nyuma ya paji la uso. Ndiyo hiyo hiyo inayomsaidia mwanafunzi kushika maelekezo ya mwalimu na kubadili njia akikwama kwenye hesabu. Inaendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu. Kwa hiyo wa miaka minne bado yuko mwanzo kabisa wa safari.

Nami nikiri. Zamani, kabla ya sindano, nilikuwa nawaambia watoto "haiumi." Wanalia, na safari ijayo wakiona tu sare yangu wanapiga kelele. Sasa nasema: "Itauma kidogo, tuhesabu mpaka tano, itakuwa imeisha." Bado wanalia, lakini wananiamini.

Nyumbani jaribu haya:
• Ahidi kidogo, utimize. "Nikimaliza kuosha vyombo nakusomea," kisha msomee kweli.
• Ukishindwa, mwambie ukweli na umwombe radhi. Usijifanye umesahau.
• Cheza naye simama-kaa. Kusikiliza na kujizuia ndiyo mazoezi yenyewe.

Wazee walishasema, ahadi ni deni. Kumbe hata ubongo wa mtoto unaweka hesabu.

Wewe wa kwako ana miaka mingapi, na ulimwahidi nini leo asubuhi? Niambie hapo chini. Sehemu ya 5 tunaongelea usingizi.