Nani Anamlisha Paroko?

Juma hili naomba tuzungumze jambo ambalo katika parokia nyingi husemwa kwa kunong'ona: nani anamlisha paroko? Siku ya jubilei jibu ni rahisi. Padri anavishwa kitenge, anakabidhiwa mbuzi, keki inakatwa, kwaya inaimba mpaka sauti zinakauka. Jumatatu inayofuata gari la parokia halina mafuta, mgonjwa wa kigango cha mbali anasubiri mpako, na mpishi anauliza apike nini. Chanda chema huvikwa pete, ni kweli. Pete tumevika vya kutosha. Tutazame na chungu.

Ipo fikra iliyoota mizizi kwamba padri hutunzwa na Ulaya. Fikra hiyo ina historia, lakini wengi wetu tunaikumbuka nusu.

Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Unguja mwaka 1863, na mwaka 1868 wakavuka kwenda Bagamoyo. Sehemu ya fedha zilizowatunza ilitoka katika Shirika la Kueneza Imani, lililoanzishwa mwaka 1822 mjini Lyon, Ufaransa, kwa juhudi za binti aitwaye Pauline Jaricot. Mtu angedhani fedha hizo zilikuwa za matajiri. Sivyo. Jaricot alianza na wafanyakazi wa viwandani, na kila mmoja alitoa senti moja kwa wiki. Walipangwa watu kumi kumi, kila kumi na mkusanyaji wao. Makumi yakazaa mamia, mamia yakazaa maelfu. Kwa hiyo katika mkate wa padri wa Bagamoyo lilikuwamo jasho la watu ambao wenyewe walikuwa wakihesabu senti.

Tarehe 15 Agosti 1917, huko Rubya, Bukoba, wazalendo wanne wa kwanza wa Tanganyika walipewa daraja la upadri. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa haijaisha, na kusini mwa nchi Wabenediktini kutoka Ujerumani waliondolewa kwa sababu ya vita hiyo hiyo. Ilionekana wazi kwamba Kanisa linalotegemea ng'ambo linaweza kuyumbishwa na ugomvi wa ng'ambo. Kwa jirani zetu Uganda, Joseph Kiwanuka alipofanywa Askofu wa Masaka mwaka 1939, aliona kwamba kuwa na mapadri wazalendo hakutoshi. Aliunda halmashauri za parokia ambazo wajumbe wake walichaguliwa na waumini, ili walei nao wawe na sauti na wajibu.

Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi, walitilia mkazo jumuiya ndogondogo za Kikristo. Tazama basi: kaya chache za majirani, zinakutana kila juma, zinajuana. Si zinafanana na yale makumi ya Lyon? Tofauti ni kwamba yule wa kutunzwa yuko hapa hapa mtaani.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 222, inawataka waumini wachangie ibada, matendo ya huruma na riziki ya wahudumu wao. Padri wa jimbo hana mshahara unaotoka Roma. Tusipomtunza sisi wengi, watamtunza wachache, na hapo ndipo ninapoona hatari. Mfanyabiashara anayejaza mafuta gari la paroko peke yake, kesho atataka kumchagulia na mahubiri. Mwanasiasa aliyeezeka nyumba ya mapadri atategemea kiti cha mbele, na pengine kipaza sauti. Lakini padri anayelishwa na kaya mia tano hana deni kwa yeyote, na anaweza kumkemea yeyote. Shilingi ya mama muuza vitumbua inanunua kitu ambacho milioni ya tajiri haiwezi kununua: uhuru wa padri kusema kweli.

Kumtunza si kumfumbia macho. Halmashauri ya walei isome hesabu mbele ya waumini, mapato na matumizi, bila kungoja minong'ono. Naye padri akumbuke kwamba sheria hiyo hiyo inamhimiza aadhimishe misa kwa nia za maskini hata kama hawakutoa kitu. Tena tusimsahau katekista, anayebeba kigango mgongoni huku akila kwa jembe lake.

Haba na haba hujaza kibaba. Wale wafanyakazi wa Lyon walikijaza kwa ajili ya watu wasiowajua, katika nchi ambayo hawakuiona kamwe. Sisi padri wetu tunamjua kwa jina, na wengine tunamjua hata mama yake. Hadi juma lijalo.