Mpunga, Mchele, Wali: Habari za Watu wa Vietnam

Sisi twasema mpunga ungali shambani, mchele ukisha kutwangwa, wali ukisha kupikwa. Wafaransa wana neno moja tu, riz. Lakini huko mbali, katika inchi ya Vietnam, watu wana majina matatu kama sisi: lúa, gạo, cơm. Padri Alexandre de Rhodes, Myesuiti, alijifunza lugha yao, na kamusi yake ilipigwa chapa Roma mwaka 1651.

Wakikutana, huulizana: "Umekwisha kula wali?" Ndiyo salamu yao. Katika sikukuu ya mwaka mpya hupika bánh chưng, yaani mchele wa kunata pamoja na choroko na nyama ya nguruwe, umefungwa katika majani. Tena mpunga umewafundisha umoja. Mto Mwekundu hufurika sana. Kwa hiyo mwaka 1248 mfalme Trần Thái Tông aliamuru kujenga matuta makubwa ya kuyazuia maji. Kazi hiyo haimwezekani mtu mmoja.

Kumbe, hata watu hao waliona njaa kali, mwaka 1944 na 1945. Dhoruba na mafuriko viliharibu mavuno ya kaskazini, ni kweli. Lakini Wajapani na serikali ya Wafaransa walikuwa wakitoza mchele kwa nguvu, na mashamba mengine yalilimwa juti mahali pa mpunga. Ndege za vita zilivunja njia za reli, mchele wa kusini usifike. Huko kusini ulichomwa kama kuni katika mitambo ya umeme! Wataalamu hawapatani juu ya hesabu ya waliokufa: wengine husema mamia ya maelfu, Wavietnam wenyewe husema milioni 2.

Mwaka 1988 serikali iliwaachia wakulima kuyatunza mashamba yao wenyewe. Mwaka 1989 inchi iliuza ngambo zaidi ya tani milioni 1 za mchele. Udongo ni ule ule, mvua ni ile ile.

Wakristo wa huko, wakisali Baba Yetu, hawaombi mkate. Huomba lương thực, maana yake chakula. Wala hawasemi "unipe", husema "utupe", sawasawa na sisi. Basi, anayesali hivyo, kisha akafunga ghala yake jirani akifa njaa, ameomba nini?